Napuliza mwarobaini na kitunguu saumu, konokono bado wanarudi. Nakosea wapi?

SWALI: Natwanga majani ya mwarobaini na kitunguu saumu, nachuja na kupulizia miche ya kabichi kila asubuhi. Usiku konokono wanakuja vilevile. Je, niongeze dozi au nichanganye na tumbaku?

JIBU: Tumbaku iache kabisa, nakuomba. Nikotini, sumu iliyomo kwenye tumbaku, hupenya kwenye ngozi ya anayepuliza, na mboga hizo zitaliwa. Dozi kubwa nayo itaunguza miche michanga tu.

Unachokosea ni muda. Konokono hula usiku. Mchana amejibanza chini ya mawe, mbao na majani yaliyooza. Ukipuliza asubuhi, jua linaanza kuivunja azadiraktini, kiini cha mwarobaini, saa nyingi kabla konokono wako hajatoka. Puliza jua likizama, udongo ukiwa na unyevu na mvua haionekani kukaribia. Tone la sabuni ya maji husaidia dawa ishike kwenye jani la kabichi, ambalo lina nta.

Pia usiutegemee mwarobaini kuua. Kwa konokono kazi yake kubwa ni kumkatisha hamu ya kula. Kitunguu saumu kina makali zaidi: kwenye majaribio ya maabara kimeua konokono na kuzuia mayai kuanguliwa. Kwa hiyo kisiishie kwenye majani, kinyunyizie na udongo kuzunguka shina. Fukua kidogo hapo, sentimita chache tu, au inua ubao uliolala bustanini: utakuta mayai meupe ya mviringo yameshikana kichala. Yatoe uyaponde. Kichala kimoja kinaweza kuwa na mayai zaidi ya 50, kwa hiyo dakika hizo chache zina faida kuliko bomba zima la dawa.

Mwangalie konokono aliyepatwa na dawa: anatoa povu la ute, na ute huo unaiondoa dawa mwilini. Ndiyo maana wengine hupona. Rudia kila baada ya siku chache na kila mvua ikinyesha, huku ukiwaokota kwa mkono usiku kwa tochi, ukiwa umevaa glavu.

Ukishauriwa kutumia mashudu ya mbegu za chai, ni kweli saponini yake, kemikali inayotoa povu kama sabuni, inaua konokono. Inaua samaki pia, hivyo isitumike kabisa mahali ambapo maji ya bustani hutiririkia kwenye bwawa au mto.