Dirisha la ziwani na jua la saa kumi

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyehitimu ubunifu majengo alinipigia simu kutoka Buhongwa. Ana kompyuta nzuri, anazijua programu nne za kuchorea, na huu ni mwezi wa nane hajapata kazi. Aliniuliza kama ni kweli Mwanza hakuna soko, ili aanze kufungasha kwenda Dar. Nilimwambia asiende. Swali lake naulizwa mara nyingi, kwa hiyo leo naliandikia kwa urefu.

Nianze na nyumba ya Nyegezi. Mzee mmoja mstaafu alipata kiwanja mlimani kinachotazama ghuba. Alikuja na picha kwenye simu, mwanawe alikuwa ameitengeneza kwa akili mnemba: sebule yenye kioo kutoka sakafuni hadi darini, ukuta mzima, na ziwa lote mbele. Ilivutia kweli. Nikaichora kama ilivyo, fundi wa aluminiamu akaweka kioo kisichofunguka, mzee akahamia mwezi wa nane akiwa na furaha.

Mwezi wa tisa akanipigia. "Ng'wanawane," akaniita kwa Kisukuma, yaani mwanangu, "njoo tunywe chai hapa kwangu, saa kumi." Nikaenda. Sebuleni hapakukalika. Jua lilikuwa limeingia hadi ukuta wa nyuma, ukigusa mkono wa kochi unautoa haraka, na foronya za upande wa kioo zilikuwa zimeanza kupauka. Mzee hakunigombeza. Alinionyesha tu, kisha tukaenda kunywa chai jikoni, tukiwa tumelipa mgongo lile ziwa lililomfanya anunue kiwanja.

Siku ile ilinifundisha kuliko darasa lolote. Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua linaelekea kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linaelekea kusini, lakini jioni, mwaka mzima, ni ukuta wa magharibi unaochomwa. Sasa angalia viwanja vyetu vinavyouzwa ghali kwa sababu ya mandhari, Capri Point, Nyegezi, Luchelele: vingi vyao ziwa liko magharibi. Mandhari na joto vinaingilia mlango mmoja. Na upepo nao unatoka hukohuko, kwa sababu mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na hewa ya ziwani huvutwa kuja juu, usiku unageuka. Kile kioo changu kilikaribisha jua na kuufungia upepo nje.

Watu hudhani dawa yake ni kurefusha paa. Paa refu linasaidia saa saba. Saa kumi na moja jua limeshashuka, linapita chini ya paa kama mtu anayeinama mlangoni. Tulichofanya ni kusimamisha mbao nyembamba wima, hatua moja nje ya kioo, zikiwa zimekatwa pembe ili uone maji lakini miale ya kusini-magharibi na kaskazini-magharibi igonge mbao kwanza. Kioo tukakibadilisha kiwe mbawa nne zinazofunguka, na ukuta wa mashariki tukatoboa madirisha madogo karibu na dari ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Nusu ya gharama nililipa mimi, kwa kuwa mchoro ulikuwa wangu.

Ndiyo maana namwambia yule kijana abaki. Siku hizi mteja anakuja na picha tayari, tena nzuri kuliko utakayomchorea kwa siku tatu. Ukishindana nayo kwa uzuri umepoteza kazi. Lakini ile picha haijui magharibi ya kiwanja iko wapi, haijui maji ya mvua yanatokea wapi, na haijui kuna jiwe. Ipokee kwa heshima, muulize mteja amependa nini ndani yake, kisha mwombe mwende kiwanjani. Na mwende saa kumi jioni, si asubuhi kukiwa na ubaridi ambapo kila kiwanja ni kizuri.

Jiwe linastahili maneno yake. Mji huu umekaa juu ya mawe, na bado tunachora nyumba za viwanja vya tambarare. Isamilo nilikuta familia imeshaleta kuni na matairi mabovu. Walitaka kulichoma jiwe kubwa kama Hiace lililokuwa katikati ya kiwanja, lipasuke, lipondwe kokoto. Niliwaomba wiki moja. Jambo la kwanza nilimwita mhandisi, kwa sababu kuna jiwe ambalo ni kichwa cha mwamba uliozama ardhini, na kuna jiwe lililolala tu juu ya udongo. La kwanza utalijengea. La pili ukichimba msingi pembeni yake linaweza kuondoka na nyumba. Lile lilikuwa mwamba. Tukalitoboa, tukachomeka nondo, likawa ukuta mmoja wa chumba cha kulia. Mchana ukiliegemea lina ubaridi ambao feni haikupi.

Ila kuna kosa ambalo wengi hulifanya hapo. Jiwe halinywi maji. Tone lolote linaloliangukia linateleza kama kwenye bati na kukimbilia ukuta wako. Chimba mtaro upande wa juu kabla ya kuinua kozi ya kwanza ya tofali, na usipige plasta ikashikana na jiwe moja kwa moja. Saruji na mwamba havijongei pamoja, patapasuka msimu wa kwanza. Acha nafasi ya kidole, ijaze kitu kinachonyumbuka.

Maji pia ndiyo yanayoziaibisha hizi nyumba za paa lililofichwa nyuma ya ukuta zilizojaa Buswelu na Kisesa. Sizikatazi, vijana wanazipenda na zinapendeza. Lakini mfereji wa ndani wenye bomba moja la inchi mbili hauwezi mvua ya vuli. Majani machache ya mwembe yakikaa mdomoni mwa bomba, maji yanarudi darini, na jipsamu inatuna kama tumbo kabla ya kuanguka. Weka njia mbili kubwa za kutolea maji, na utoboe tundu la tahadhari ukutani juu kidogo ya mfereji, ili bomba likiziba maji yamwagikie nje. Kama mteja hataki kusikia habari ya kusafisha mfereji kabla ya mvua, mshauri paa la kawaida lenye mteremko.

Sheria niitaje haraka, lakini usiipite haraka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pima kwa futi kamba kabla hujachora mstari wowote, na kumbuka ziwa lenyewe linatembea: mwaka 2020 na tena 2024 maji yalipanda yakaingia kwenye majengo ya ufukweni. Pia usijitambulishe kama mbunifu majengo kama hujasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Fanya kazi chini ya aliyesajiliwa, andika kila ulichokifanya, ukafanye mitihani yao. Huko saiti watakuita injinia hata kama hukuomba, wasahihishe.

Sasa, kazi iko wapi? Wengi wanasubiri ghorofa. Mimi miaka miwili hii nimeishi zaidi kwa ubunifu wa ndani: gesti, saluni, ofisi za wakala, vyumba vya kupangisha kwa siku. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita tatu za maji tulizokuwa tunazisubiria kivuko zinavukwa kwa dakika chache, na wenye gesti, wakitazamia wageni, wanataka vyumba vyao vifanane na bei wanayotaka kutoza. Mama mmoja wa Kirumba alinipa vyumba vinane na fedha ya kubadilisha viwili, kama angenunua samani mpya. Hatukununua. Tulitoa taa nyeupe kali tukaweka za mwanga wa njano, tukahamisha vitanda visitazamane na mlango, tukapaka ukuta mmoja rangi ya udongo wa kichuguu, na vifuniko vya taa tukasukisha kwa magugu maji.

Hayo magugu yameshatusumbua ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini bua lake likikauka vizuri linasukika kama ukindu. Nasema likikauka vizuri kwa sababu vifuniko vya kwanza viliota ukungu ndani ya wiki tatu. Hewa ya huku ina unyevu. Siku hizi nakataa kupokea bua ambalo halijalala juani hadi ukilikunja linatoa sauti. Wanawake wanaonisukia wamesharekebisha umbo mara tatu, na umbo la sasa, lenye kiuno, ni wazo lao. Ukipata kazi ya namna hii, jina la msusi liandike kwenye makadirio kama unavyoandika la fundi umeme, na malipo yake yawe mstari wake mwenyewe.

Jambo dogo la taa za nje: vile vidudu vinavyokuja kama moshi kutoka ziwani hufuata mwanga. Usiweke taa juu ya mlango unaotazama maji. Iweke mbali, mlango ubaki na giza kidogo na wavu wenye matundu madogo.

Kuhusu bei, acha kuuza ramani kwa idadi ya vyumba. "Nitumie ramani ya vyumba vitatu" ni sentensi inayokufanya uchore nyumba usiyojua itasimama wapi. Mimi natoza safari ya kwanza ya kiwanjani, kiasi kidogo, na mteja akiendelea nami nakikata kwenye malipo ya mchoro. Asiyekubali kulipia safari hiyo mara nyingi hatalipia na mengine. Makubaliano yawe kwenye karatasi yenye sahihi mbili, malipo kwa awamu tatu, na awamu ya mwisho usiiache isubiri nyumba ikamilike, maana nyumba zetu huchukua miaka.

Yule kijana wa Buhongwa anakuja Jumamosi. Nimemwambia aiache kompyuta nyumbani, abebe futi kamba ya mita 50 na mpira wa maji wa kupimia usawa. Kuna kiwanja Luchelele chenye mawe mawili na mteremko mkali, na mwenyewe ameshanitumia picha ya kioo kikubwa kinachotazama ziwa. Tutafika saa tisa na nusu, tukae hadi jua lizame.