Kwa nini refa anapuliza mguso huu na kuuacha ule?

Ndugu, umeuliza kwa nini katika mpira wa kikapu filimbi inalia mshambuliaji anapomgonga mlinzi, ilhali mabega yanasuguana chini ya kikapu na refa ametulia tu. Hajalala. Katika kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, kugusana peke yake si faulo. Refa anapima kama mguso umempa mtu faida isiyo halali.

Kwenye kugongana, acha kumwangalia mwenye mpira, mtazame mlinzi. Je, alimkabili mpinzani na kukanyaga chini kwa miguu yote miwili kabla ya kugongana? Basi kosa ni la mshambuliaji, hata kama mlinzi alikuwa akirudi nyuma. Si lazima awe amesimama kama mlingoti, ingawa mashabiki wengi hushikilia hivyo (na hupiga kelele sana). Ila mshambuliaji akisharuka, mlinzi kachelewa kujipenyeza pale anapotua.

Ukiukaji, yaani kuvunja kanuni bila kumchezea mpinzani rafu, kama mshambuliaji kukaa zaidi ya sekunde 3 katika eneo lililozuiliwa chini ya kikapu cha wapinzani, hauhesabiwi faulo. Mpira huenda kwa wapinzani.

Kuhusu hatua anazopiga mwenye mpira bila kuudundisha: tangu 2017, FIBA haihesabu mguu ulio chini wakati mchezaji anaukamata mpira akiwa mwendoni. Wewe unaona tatu, refa anahesabu mbili.