Chetezo cha kijani cha enzi ya Han
Uliuliza kama vyetezo vya udongo vyenye utando wa kijani, vya enzi ya Han nchini China (206 KK hadi 220 BK), vilitumika kufukizia nyumbani. Kwa kawaida hapana: vilifinyangwa ili vizikwe pamoja na maiti, vikiiga vyetezo vya shaba kama kile chenye nakshi za dhahabu kilichofukuliwa Mancheng katika kaburi la mwanamfalme Liu Sheng, aliyefariki mwaka 113 KK, ambacho kifuniko chake ni mlima wenye matundu ya kutolea moshi katikati ya vilele, mithili ya ukungu. Ukijani hutokana na oksidi ya shaba ndani ya utando wenye madini ya risasi uliochomwa kwa moto mdogo. Ile ngozi ya fedha inayometameta juu yake, ambayo wauzaji hawachoki kuisifu, ni uchakavu uliosababishwa na unyevu wa kaburini.