Kumtafuta binti wa wakulima wa Aberdeenshire (Scotland) aliyepotea baada ya sensa ya 1851

Dada pole, nimekuelewa, bibi wa ukoo wa mumeo anaonekana sensa ya 1851 akiwa na miaka 9 shambani kwa baba yake, halafu ya 1861 hayupo. Usikimbilie kusema alikufa. Wasichana wa mashamba kule walikuwa wanaajiriwa wadogo sana, mkataba miezi sita sita, kwa hiyo mtafute kama mtumishi kwenye shamba jingine au parokia ya jirani, angalia safu ya alikozaliwa, umri usiuamini sana.

Mi nilivyomtafuta wa kwetu huko huko nilikwama miaka miwili kwa kumtafuta kwa jina la mume tu, kumbe Scotland mwanamke alibaki na jina la baba yake kwenye kumbukumbu nyingi, na kifo chake kinaorodheshwa kwa majina yote mawili! Serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo 1855, na cheti cha ndoa kinataja wazazi wa pande zote, ukikipata hicho umeshapiga hatua kubwa. Ingia ScotlandsPeople, tovuti ya kumbukumbu rasmi za Scotland, kutafuta ni bure ila kufungua picha ya cheti unalipa, so punguza majina kwanza.

Ukiona mtoto ameandikwa bila jina la baba, soma vitabu vya baraza la wazee wa kanisa, waliwahoji mabinti mpaka wamtaje mwanaume, inauma kusoma. Mwandiko ukikushinda mlipe mtafiti wa Edinburgh, mji mkuu wa Scotland. Na miti ya ukoo ya watu mtandaoni usiinakili hivi hivi, majina yanafanana mno.