Herufi zinaharibika bodi ikipunguza kasi

SWALI: Mhandisi, habari ya kazi. Niko Gulu, naandika kiendeshi (programu inayoendesha kifaa) cha poti ya siriali, inayopitisha data biti moja moja, kwenye Linux. Bodi inasoma mita ya pampu ya kisima kwa baudi (biti kwa sekunde) 115200, umeme wa sola. Ikiwaka, kila kitu sawa. Kazi ikipungua na prosesa ikishusha kasi, zinakuja herufi za ajabu. Mwenzangu wa Kampala alinishauri nishuke hadi 9600. Nimeshuka, tatizo liko palepale. Kebo nimebadilisha mara mbili.

JIBU: Ndugu yangu, kebo zirudishe dukani kama watazikubali.

Hiyo 9600 ndiyo inayonichosha. Kila mara napata mtu aliyeambiwa ashushe baudi, kama vile ni panadol. Kushuka husaidia waya mrefu au wenye kelele. Wewe waya wako mzima. Poti hupata kasi yake kwa kugawa saa, yaani mapigo yanayoiendesha: saa ya 48 MHz ukiigawa kwa 16, kisha kwa kigawanyo 26 (namba anayoiweka kiendeshi), unapata 115385, kosa halifiki asilimia 0.2. Prosesa ikishusha kasi, saa hiyo ikashuka nayo hadi 24 MHz na kigawanyo kikabaki 26, poti inazungumza kwa 57692. Kwa 9600 ingezungumza kwa kama 4800. Nusu ni nusu, uanzie juu uanzie chini.

Wengine watakwambia ufunge poti uifungue tena. Mara nyingi inapona kweli, kwa sababu kigawanyo kinakokotolewa upya, mpaka saa ihame tena. Wengine watakwambia uifungie prosesa kwenye kasi ya juu. Kwa sola? Msimu wa mvua utaikuta betri imekufa asubuhi.

Kiendeshi kijiandikishe kwa clk_notifier_register, huduma ya kerneli (kiini cha Linux), kipate habari kabla saa haijahama. Kwenye PRE_RATE_CHANGE (taarifa ya kabla) kokotoa kigawanyo cha kasi inayokuja. Kwa 24 MHz ni 13, unarudi kwenye 115385 ileile. Kwa 8 MHz ni 4, unapata 125000, kosa la asilimia 8.5: hapo rudisha NOTIFY_BAD (jibu la kukataa), saa ibaki ilipo. Mimi sivumilii zaidi ya asilimia 2. Ukikubali, zuia kutuma na usubiri hadi rejista inayosukuma biti nje iwe tupu, si bafa (hifadhi ya herufi zinazosubiri zamu) peke yake. Wengi huishia kwenye bafa, na herufi ya mwisho inakatwa katikati. Kwenye POST_RATE_CHANGE (taarifa ya baada) andika kigawanyo, sahihisha uartclk (kasi ya saa ambayo kiendeshi kinaikumbuka), ruhusu kutuma. ABORT_RATE_CHANGE (taarifa kwamba badiliko limeghairiwa) ukiisahau, poti itabaki bubu. Kinachoingia wakati huo hakiokoki, kwa hiyo usiiulize mita kitu saa ikiwa inahama.

Angalia kufuli, linalozuia kazi mbili kugusa kitu kimoja kwa pamoja. Ukishika kufuli la poti ndani ya taarifa hiyo, huku set_termios (inayobadilisha mipangilio ya poti) inalo tayari na inaomba kubadilisha saa, watasubiriana milele. Isukume kazi hiyo kwenye foleni ya kerneli, hata kama kigawanyo kitachelewa kidogo.

Kabla ya kuandika mstari hata mmoja, soma clk_summary (orodha ya saa zote) kwenye debugfs, mafaili ya uchunguzi ya kerneli, uone UART yako (sakiti ya poti ya siriali) inapata mapigo wapi. Chipu ikiruhusu kuyachukua kutoka kristali ya mapigo isiyohama, huhitaji karibu yote haya.

Na msleep (amri za kusubiri milisekunde kadhaa) usizimwage kama chumvi. Majuzi nimefungua kiendeshi cha mtu nikakuta nne mfululizo, juu yake kaandika "usiguse, inafanya kazi". Ilikuwa inafanya kazi mezani kwake, umeme wa ukutani, prosesa haipumziki. Ikapelekwa kijijini.