Jibu: Besi wa kilindini wakati wa baridi, na huo mshipi wako unaojikunja

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umehamia Nashville, huku Tennessee, Marekani, kiangazi umevua besi pembezoni mwa ziwa Dale Hollow mpaka mikono ikakuuma, na tangu Desemba iingie hujaona hata mkia. Juu ya hapo umejaza rili yako ya spini (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) mshipi wa florokaboni, aina ya plastiki, unaohimili ratili 12, na sasa unatoka kwenye rili umejiviringa kama springi ya godoro. Wadau waliotangulia wamekushauri ununue wa bei kubwa zaidi. Usinunue. Mimi huu ni mwaka wangu wa tisa huku, na baridi yangu ya kwanza nilifanya hivyohivyo, tena kwa maneno ya muuzaji aliyeniapia kwamba mshipi ule samaki hauoni kabisa.

(Kwa wageni wa jukwaa: besi ni samaki, si basi la abiria. Wapo wa mdomo mkubwa, ambao Wakenya wanawajua toka Naivasha walikopandikizwa enzi za mkoloni, na wapo wa mdomo mdogo, ambao ndio fahari ya Dale Hollow. Rekodi ya dunia ya hao wa mdomo mdogo, ratili 11 na wakia 15, aliivua David Hayes hapo hapo mwaka 1955. Ila aliivua Julai, kwa hiyo isikutie kiwewe sasa hivi.)

Nianze na samaki, maana mshipi peke yake hauvui. Joto la mwili wa besi hufuata la maji. Maji yakishuka hadi nyuzi 8 au 9 za Selsiasi, tumbo lake linasaga polepole, hali kila mara na hakimbizi kitu. Anachotaka ni kukaa karibu na chakula kisichohitaji mbio. Chakula chenyewe ni shadi, tuseme ndio dagaa wa huku. Shadi wadogo hawavumilii baridi. Maji yakikaribia nyuzi 7 wanalegea, wengine wanakufa na kuzama wakizungukazunguka kama jani. Kwa hiyo wanashuka chini, ambako joto halibadilikibadiliki, na besi anashuka nao.

Ndiyo maana pembezoni hupati kitu. Nenda kwenye rasi zinazoingia ziwani kisha zikaporomoka ghafla kwenye mkondo wa zamani wa mto Obey, ule uliozamishwa bwawa lilipokamilika mwaka 1943. Washa sona, kile chombo cha kuonyesha samaki walio chini ya boti, tembea taratibu, na usitupe chochote mpaka uone wingu la shadi. Mimi nimewahi kuzunguka saa mbili nzima fimbo zikiwa zimelala. Wingu likiwa futi 30 hadi 40, yaani pima tano hadi sita na kitu, na chini yake kuna vistari vinene vimetulia, ndio besi hao, umefika.

Sasa mshipi. Kiangazi besi akila unashtuka, anavuta fimbo. Baridi hakuna kuvuta. Januari moja nilikuwa nateremsha kijiko, ile chambo ya chuma ya robo tatu ya wakia, kwenye futi 38. Nilishazoea kuhesabu: mpaka chini ni kumi na mbili. Mara ile nikafika tisa, mshipi ukalegea. Basi. Hakuna mguso, hakuna kutikisika, uzi tu umelala juu ya maji kama umechoka. Nikainua fimbo, nikakuta uzito unaosogea. Alikuwa wa mdomo mdogo, kama ratili nne, kijiko kimekaa pembeni mwa taya. Alikidaka kikiwa kinashuka, akabaki nacho palepale. Ningekuwa na ule mshipi wako wa springi ningeona nini? Unalegea wenyewe saa zote.

Kwa hiyo kwa kuvua wima chini ya boti, kwenye rili ya spini, weka mshipi wa kusuka wa ratili 10. Unene wake ni kama nailoni ya ratili 2 tu, haunyumbuki na haujikunji kwa baridi. Chagua wa rangi ya manjano au kijani kinachong'aa, uuone. Mwishoni unga florokaboni ya ratili 8, urefu wa kama futi nane. Hicho kipande kifupi ndicho kinachohitaji kutoonekana, na hakina muda wa kujiviringa kwenye rili. Hilo la kutoonekana nalo tusilipigie chumvi: florokaboni inapinda mwanga kwa kipimo cha 1.42, maji 1.33, nailoni inapita 1.5. Imeyakaribia maji, haijawa maji. Faida yake ambayo watu wanaisahau ni uzito. Ni karibu mara 1.8 ya maji, inazama, wakati mshipi wa kusuka unaelea. Na anayekwambia florokaboni hainyumbuki, mwambie afunge ncha mtini avute.

Chambo ya pili ya kujaribu ni chubwi chini na ndoana futi moja na nusu juu yake, na kisamaki laini cha plastiki. Waamerika wanaliona jambo la kisasa. Mimi nilicheka, maana wazee wetu Pangani walifunga hivyo mishipi ya mkono kabla sijazaliwa.

Nailoni usiitupe. Kuna uvuvi wa hukuhuku Tennessee mashariki, wa boya na kichambo kidogo cha manyoya kinachoning'inia futi nane hadi kumi na mbili chini yake, kwa siku ambazo besi wamepanda na kusimama katikati ya maji. Hapo mshipi mkuu lazima ukae juu ya maji. Florokaboni itazama na kuvuta boya upande. Nailoni ya ratili 4 au 6 inafaa, na kunyumbuka kwake kunaokoa, maana ndoana ni ndogo mno. Fimbo iwe ndefu, futi tisa hivi, la sivyo utashindwa kurusha.

Mshipi wa kusuka una ubaya mmoja: unanyonya maji. Hewa ikiwa chini ya sifuri, yale maji yanagandia kwenye pete za fimbo na siku yako imekwisha. Chovya ncha ya fimbo ziwani barafu iyeyuke. Usiibandue kwa kucha, nilishang'oa pete ya ncha kwa haraka hiyo. Ikiwa baridi ni ya namna hiyo tangu alfajiri, mimi hubeba fimbo ya pili yenye florokaboni tupu, lakini ya ratili 6, sio 12.

Mafundo. Samaki mkubwa kuliko wote walionasa kwenye ndoana yangu huku sikumwona. Nilipovuta mshipi, ncha ilikuwa imejikunja kama kikono cha mmea wa tango. Ukiiona ncha ya hivyo ujue fundo limeteleza, si samaki aliyekata. Nilikuwa nimekaza florokaboni ikiwa kavu, na msuguano ule unaiunguza. Ilowanishe kwa mate, kaza polepole, kisha ivute kwa nguvu kabla hujaishusha. Kwenye ndoana funga fundo la Palomar. Kuunga mishipi miwili, funga fundo la Uni kwa Uni. Lipo fundo jembamba zaidi, FG, ila lifunge nyumbani usiku, vidole vikiwa na joto.

Jambo jingine, kwa sababu ulisema unawaachia. Besi akitolewa futi 35 na zaidi, kibofu chake cha hewa kinavimba. Ukimrudisha anaelea ubavu. Nunua ile klipu yenye uzito ya kumshusha mpaka chini ndipo imwachie. Nikikuta wamekaa futi 50, mimi huondoka kutafuta wengine.

Na vaa jaketi la kuokolea, ulifunge hasa, sio kulikalia. Maji ya nyuzi 8 hayakupi nafasi ya kuogelea hata kama umezaliwa Kojani, kisiwa cha wavuvi kule Pemba.

Ukimaliza kupanga rili, piga picha ya hilo fundo la kuungia uiweke hapa niikague kabla hujashusha boti Jumamosi.