Anza na Rubinrot ya Kerstin Gier
Umeuliza kama kuna riwaya ya mapenzi na safari za wakati ambayo msichana wake ni wa kawaida kweli. Ipo, tena tamu: Rubinrot ya Mjerumani Kerstin Gier, iliyotoka 2009. Kwa Kiingereza itafute kwa jina la Ruby Red. Gwendolyn ana miaka 16, anasoma London. Familia ilimwandaa binamu yake Charlotte kwa miaka ili yeye ndiye asafiri kwenye wakati: historia, dansi za kale, kupigana kwa upanga. Kisha safari zinamwangukia Gwendolyn, ambaye hajafundishwa lolote. Hapo ndipo nilipompenda. Anapelekwa karne ya 18 hajui hata asalimie vipi, na Gideon, kijana anayesafiri naye, mwanzoni anamwona mzigo. Mapenzi yao yanakua kwa kubishana, na ile shaka kama Gideon anampenda kweli au anamtumia tu inauma hasa. Lesley, rafiki wa Gwendolyn, naye usimpuuze, ndiye anayemchimbulia habari huku nyumbani. Ni vitabu vitatu, na cha kwanza kinakatika mambo yakiwa bado moto, kwa hiyo tafuta vyote kabla hujaanza.